Chupa ya Mchungaji Gumbi

Mchungaji Bhekizwe Gumbi alikutwa asubuhi sakafuni sebuleni kwake Umlazi, kisogo kimepasuka, shati linanuka vodka. Kando yake kulikuwa na chupa tupu. Nyuma yake, katika tangi la kioo lililojaza ukuta mzima, samaki wa baharini walizungukazunguka juu ya matumbawe yake.

Alikuwa bado anapumua. Alipelekwa hospitali hajitambui.

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umeshahukumu. Muuza pombe aliapa kwamba mchungaji hununua vodka kwake na kuificha ndani ya gazeti. Wazee wa kanisa, kanisa lisilogusa hata bia ya mtama, walitangaza kumvua joho.

"Mume wangu hanywi, afande," mkewe, MaNdlela, alimwambia Inspekta Hlengiwe Shezi.

"Chupa ni ya nani basi?"

"Ya tangi."

Sajenti Botha alikohoa kuficha kicheko. "Mama, samaki nao wanalewa?"

"Cheka tu, mwanangu. Chakula cha samaki huacha fosfeti majini. Ikizidi, mwani unayafunika matumbawe. Basi yeye huwapa bakteria matone ya pombe. Wanakula, wanazaana, wanaifyonza fosfeti, kisha mashine ile ya povu inawatoa. Matone tu! Ukizidisha, unaua."

Shezi hakucheka. Aliagiza damu ya mgonjwa ipimwe.

"Nani huja kumtembelea?"

"Sagren Moodley wa Chatsworth. Naye anafuga matumbawe. Lakini jana mimi nilikuwa kwenye mkesha wa maombi ya akina mama mpaka asubuhi, sijui nani alikuja."

Moodley alihojiwa kituoni.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita."

"Ile vodka ilikuwa ya nini?"

"Ya kunywa, ya nini tena? Inaniuma kusema, lakini Gumbi alikuwa mlevi wa siri."

"Haikuwa ya tangi?"

"Pombe kwa samaki? Afande, mke huyo analinda jina la mumewe."

Kesho yake majibu ya maabara yalifika: damuni hamkuwa na pombe hata chembe. Na MaNdlela alipiga simu akilia. Maji ya tangi yamekuwa meupe kama maji ya mchele, samaki wanatweta juu.

Shezi akaelewa. Vodka haikunywewa. Ilimwagwa.

Akamwita Moodley aje kumsaidia mama wa watu. Hakumweleza zaidi. Moodley aliingia, akalitazama tangi, akajisahau.

"Mashine ya povu imezimwa! Washeni! Leteni pampu ya hewa! Nusu chupa imo humu, bakteria wanamaliza hewa yote!"

Alifanya kazi jasho likimtoka. Shezi alimwacha mpaka samaki waliposhuka tena chini.

"Nusu chupa, Bwana Moodley?"

Mikono yake ikasimama.

"Jana hukujua pombe inafanya nini tangini. Umlazi nzima inasema mchungaji aliinywa. Wewe peke yako unajua iko wapi, na ni kiasi gani."

Moodley aliketi sakafuni, suruali ikilowa.

"Tangi langu lilioza kwa mwani," alisema. "Akanifundisha. Anza na matone, pima fosfeti, subiri, ongeza. Mimi nikamimina kikombe."

"Kwa nini?"

"Maonyesho ya klabu yalikaribia. Kila mwaka yeye wa kwanza, mimi wa pili. Kulipokucha kila kitu kilikuwa kimekufa. Matumbawe niliyoyalea tangu binti yangu anatambaa! Nikaja kumwambia amenidanganya makusudi. Akanijibu kwa upole, 'Sagren, nilikuambia usubiri.' Upole ule ndio ulionichoma. Nikamsukuma, akagonga kichwa kwenye meza. Nilidhani amekufa."

"Na chupa?"

"Kidogo nilimmwagia shatini, mumuone mlevi. Iliyobaki nikaitia tangini, nikazima mashine. Yake nayo yafe." Akafuta macho. "Lakini leo nilipoyaona yanakata roho, sikuweza."

Botha alimfunga pingu. Kisha, mbele ya majirani waliojazana mlangoni, akamvulia MaNdlela kofia. "Nisamehe, mama."

Jumapili mchungaji alifumbua macho. Chini ya dirisha la wodi yake waumini wote walikuwa wamefika na majoho na ngoma zao, wakiongozwa na wazee walewale.

"Matumbawe?" alinong'ona.

"Yamepona, yamefunguka yote, Baba," mkewe akamjibu, akafungua dirisha na kupiga kigelegele kilichozifunika ngoma.