Kigari cha Bati Mezani kwa Wagdi

Wagdi alilala kifudifudi kati ya meza yake na dirisha, kisogo kimepasuka. Kando yake alikuwa ameanguka paka wa jiwe jeusi ambaye miaka yote aliuzuia mlango wa ofisi usijifunge. Nywele za marehemu zilikuwa zimenasa kwenye masikio ya paka.

Inspekta Bahgat aliivuka damu, akachuchumaa, akaguna. Alikuwa ameondoka nyumbani bila chai, na mtu asiye na chai huko Luxor si mtu wa kutaniwa.

"Nani kamkuta?"

"Karani wake, Nashwa," Sajini Metwalli alijibu. "Yuko nje, anatapika."

"Mpe maji. Ofisi ifungwe, mlango utiwe lakiri. Asiingie mtu."

Kabla ya kutoka, aliitazama meza. Wagdi aliishi kwa kuwapangia watu likizo: siku chache za mahekalu na mapiramidi, siku chache za bahari. Kompyuta hakuipenda. Kila likizo aliipanga mezani kwa vitu vidogo, kwa mstari, kutoka kulia. Katika mstari wa mwisho palikuwa na kombe la baharini, kigari cha bati chenye rangi ya kijani, na piramidi ndogo ya alabasta. Kindege cha mbao kilikuwa kimetupwa pembeni.

Mtaalamu wa uchunguzi alikiinua kigari kwa kibano. Chini yake palikuwa na tone la damu lililobonyea na kukauka.

"Damu haikurukia juu yake," mtaalamu alisema. "Kimewekwa juu ya damu ikiwa bado mbichi."

"Kwa hiyo muuaji kaua, halafu kakaa kupanga likizo," Metwalli alisema. "Ana moyo huyo."

Nashwa aliketi kwenye ngazi za nje, mtandio umelowa maji.

"Mstari wa mwisho mezani ulikuwa wa nani?" Inspekta aliuliza.

"Wa Mhandisi Lotfi wa Sohag. Yuko Hurghada na mkewe na mabinti wao wawili. Kombe ni bahari, kindege ni ndege, piramidi ni Giza. Asubuhi hii wanazamia kuona samaki, jioni wanapanda ndege kwenda Cairo."

"Na kigari?"

"Hakuna kigari kwa Lotfi."

"Kipo. Cha bati, kijani."

Nashwa aliinua uso. "Hicho ni cha Haji Gharib, dereva wetu. Kila dereva ana chake, amekitengeneza mwenyewe. Akikubali safari anakiweka mezani, akirudi anakichukua. Cha mwenzako hukigusi, ni mkosi. Mimi nikifika asubuhi naitazama meza tu. Ilivyo, ndivyo ninavyopiga simu." Akafikiri kidogo. "Basi Ustaadhi Wagdi aliwabadilishia, waende kwa gari. Nifute tiketi?"

"Usifute chochote. Ofisi imefungwa, hii ni kesi ya mauaji."

"Lakini, Bwana Inspekta..."

"Binti, nimesema."

Gharib walimkuta mbele ya nyumba yake, ameketi ndani ya gari, tangi limejaa mafuta, simu mapajani. Metwalli alifurahi. Kwa macho yake, huyo alikuwa mtu wa kutoroka.

Mahojiano yalianza jua likikaribia kuzama. Gharib alikuwa mzee mnene mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, na pingu zilimbana.

"Mara ya mwisho kufika ofisini kwa Wagdi?"

"Alhamisi."

"Una hakika?"

"Alhamisi, baada ya Alasiri."

"Kigari chako cha bati kiko wapi, Haji?"

Gharib aligeukia dirisha.

"Nitakwambia mimi. Kiko mezani, juu ya damu ya marehemu. Nashwa anaapa kwamba hakuna dereva anayegusa cha mwenzake. Jana jioni ulikwenda kumwomba Wagdi safari ya Cairo, akakunyima akawapa watu wa ndege. Umemuua mtu kwa ajili ya nauli?"

"Nauli," Gharib alisema, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Saa ngapi sasa?"

"Anayeuliza hapa ni mimi."

"Nashwa ameiona meza?"

"Nashwa haingii mle. Nimepafunga."

Mzee alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Metwalli alimshika mabega.

"Basi wale watoto watapanda," Gharib alisema. "Wazuie, bwana. Nimeua, nimekubali, andika utakavyo. Lakini wazuie kwanza."

"Kaa chini. Useme ukaeleweka."

Gharib aliketi. Alieleza haraka haraka.

"Rawya alikuwa mwanangu wa pekee. Alipoolewa, Wagdi akamzawadia fungate. Bahari kwanza, piramidi baadaye. Nikampeleka Hurghada mwenyewe kwa gari langu, njia nzima anaimba. Akazamia na mumewe mchana, jioni wakapanda ndege. Angani akaanza kulalamika maumivu ya magoti, kisha ya kifua. Cairo alifikia hospitali, hakutoka. Madaktari wakaandika kwamba moyo ulikuwa mbovu. Nikasema ni mipango ya Mungu, nikanyamaza."

"Halafu?"

"Juzi nikampakia mwalimu wa wazamiaji. Akaniambia aliyezamia hapandi ndege mpaka siku nzima ipite. Kule chini hewa huingia katika damu. Ukipaa kabla haijatoka, inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa. Niliegesha gari nikalia mbele ya abiria."

"Ukamwendea Wagdi."

"Kwa ajili ya watoto wa Lotfi. Wallahi sikwenda kuua. Nikamwambia, wape gari, nitawachukua bure, njia ya pwani mpaka Cairo. Akaniambia, 'Haji, hayo wazamiaji wamenieleza miaka mingi. Nikiwasikiliza, mteja anakaa hotelini siku nzima akikodolea ukuta. Wengi hawapatwi na kitu.' Wengi, bwana. Alijua. Siku ile anamkabidhi Rawya tiketi huku anamwita binti yangu, alijua."

"Ukampiga."

"Aligeuka kunimiminia chai. Ndiyo, nikampiga."

Metwalli aliacha kuandika.

"Nambari ya Lotfi sina, anayo Nashwa," Gharib aliendelea. "Na nilimwogopa Nashwa, angeuliza kwa nini namwambia mimi na si Wagdi. Nikatoa kindege, nikaweka kigari changu, nikisema hata akikuta maiti, meza ataitazama. Nilijua kitanikamatisha. Nikajaza mafuta, nikakaa garini tangu alfajiri nasubiri Nashwa aniite nikawachukue. Mkaja nyinyi."

Inspekta Bahgat alikumbuka ngazi za nje. Nashwa alikuwa amemuuliza kabisa kama afute tiketi, naye akamfokea. Alinyakua simu, akataka polisi wa uwanja wa ndege wa Hurghada. Alitaja jina la Lotfi mara mbili, akatukana mara moja, akaambiwa asubiri.

Wakasubiri. Gharib alikuwa akisoma dua midomoni, bila sauti. Metwalli alitazama sakafu. Inspekta alijikuta akiwaza namna atakavyomweleza mke wa Lotfi, mwanamke asiyemjua, kwamba lakiri ilikuwa ya kisheria.

Simu ikapasuka kwa sauti ya mwanamume aliyefura.

"Wewe ndiye inspekta? Umenishushia familia kwenye ngazi ya ndege mbele ya watu, kama wezi! Tumeweka akiba miaka miwili! Nitakushtaki mpaka Cairo!"

"Nishtaki, Mhandisi. Wanao wako wapi?"

"Wako hapa. Huyu mdogo humsikii? Anataka piramidi zake!"

Nyuma ya sauti yake mtoto wa kike alikuwa akilia, kilio kikubwa cha hasira, akigonga miguu chini.

Inspekta aliizunguka meza akaiweka simu sikioni mwa Gharib. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza, mikono yenye pingu imetulia mapajani. Metwalli alipotaka kuichukua simu ili kesi iendelee, Inspekta alimzuia kwa mkono.

"Bado analia," Gharib alisema. "Mwacheni alie."