Kengele ya Stesheni ya Mtunduo

Jioni ile nilitumwa kugonga kengele tu. Katekista Calist alikuwa ametuletea kigangoni, kiwe kengele ya kanisa, kipande cha reli kilichokuwa kikining'inia kwenye stesheni ya Mtunduo, ile iliyofungwa treni ilipoacha kuja. Milango ilishang'olewa, popo wamehamia, reli zimefunikwa na majani. Nani angekililia chuma kile?

"Gonga tatu, Aneth," aliniambia. "Kwa heshima ya Utatu Mtakatifu."

Bibi Dina peke yake ndiye aliyenuna. Ndiye aliyenilea, na tangu masika hakuwa ameinuka kitandani. Zamani aliuza kuku pale stesheni pamoja na babu Emilian, mpaka siku babu alipopanda treni na matenga yake kwenda Dodoma, asirudi.

"Kile chuma kina maneno yake," alininong'oneza nikitoka. "Stesheni masta akigonga moja, treni haiji. Mbili, imeshatoka stesheni ya jirani. Tatu, imefika, pandeni."

"Sasa bibi, treni yenyewe iko wapi?" nilimtania.



Kigango chetu kiko kando ya njia ya reli. Jua lilikuwa limeshazama. Nikashika nyundo.

Ngoo... ngoo... ngoo...

Mbwa wakanyamaza kijiji kizima. Halafu ikaja harufu. Mavi ya kuku... na moshi wa dizeli.

Walikuja wakifuata reli, kina mama na wazee, matenga ya kuku vichwani. Nikadhani wanatoka mnadani. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyofunzwa.

"Shikamooni."

Hakuna aliyejibu.

Kwetu mzee anaweza kukunyima chakula, lakini marahaba hakunyimi. Nikatazama yale matenga. Kuku walikuwa wakipigapiga mabawa, na sikusikia kitu.

Wa mwisho hakuwa na mzigo. Alitembea wima, haraka haraka, amejifunga kitenge chake cha safari.

Bibi.

Upande wa stesheni honi ililia, ndefu, na ardhi ikaanza kutetemeka chini yangu. Sina mama mwingine zaidi ya yule. Nikainua nyundo, nikagonga mara moja, kisha nikakikumbatia kile chuma kisiendelee kulia.

Moja. Treni haiji.

Wote wakasimama. Wakageuka, wakanitazama...

Kisha, taratibu, wakatua matenga yao na kuketi kando ya reli, kama abiria walioambiwa wasubiri. Bibi peke yake ndiye aliyerudi. Alipita mbele yangu akilia, bila kunitazama.

Nilipofika nyumbani alikuwa kitandani. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini.

"Babu yako alinishikia nafasi dirishani," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu, Aneth. Kwa nini umenirudisha?"

Nilimwosha miguu huku machozi yakinitoka.

Katekista nilimweleza, akasema nilikuwa na njaa. Huyo ana jibu la kila kitu. Siku hizi kengele naigonga mimi mwenyewe, mara moja tu, na nyundo nalala nayo chini ya mto. Jioni nikipita kando ya reli nasikia majani yakichakarika, na ile harufu ya kuku ipo palepale. Bado wanasubiri.

Bibi amedhoofika sana. Hali chakula, na usiku anaugulia. Kila magharibi ananishika mkono na kuninong'oneza, "Nigongee tatu, mjukuu wangu." Wale wa relini siwaogopi tena. Naogopa huruma yangu.

Jana jioni ilinizidi nguvu. Niligonga mbili.

Tangu hapo kikombe cha maji kando ya kitanda chake kinatetemeka, kidogo kidogo, na bibi ameomba nimletee kitenge chake.