Sahani Iliyorudi Imejaa

Kila jioni Chiriku alirudi kutoka shule, akavua sare na kuwasha jiko. Mama yake alishona nguo kiwandani na alichelewa kurudi, kwa hiyo chakula cha jioni kilikuwa kazi ya msichana huyu wa miaka kumi na miwili. Wazazi walimpa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Aliimba hata akichambua mchele.

Mvua zilipoanza, aliacha kuimba. Baba yake, fundi seremala, alikula vijiko viwili vitatu, akakohoa, kisha akaisukuma sahani.

"Wali gani huu, mgumu kama kokoto?" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Na hii ni nyama au soli ya kiatu?"

Chiriku aliuchemsha wali hadi ukawa rojorojo. Aliikata nyama vipande vidogo vidogo. Wapi! Sahani ilirudi imejaa. Baba alikonda, shati likamning'inia, na majirani wakanong'ona kwamba binti wa seremala anamtesa baba yake kwa njaa. Mama naye, badala ya kuuliza, alimkemea: "Msichana mkubwa wewe, hata wali unakushinda!" Chiriku alilia jikoni, akasingizia moshi.

Siku moja hasira zilimpanda. Alikwenda kwa shangazi yake, dada ya baba, mwenye mgahawa karibu na kituo cha mabasi. Baba alimsifu shangazi kila siku, eti hakuna anayempita kwa upishi. Chiriku alimweleza yote. Shangazi akampa wali na nyama, kisha akamfuata nyumbani, akasubiri nje ya mlango.

Chiriku alipakua chakula kile kwenye sahani ya baba. Baba akatafuna, akatafuna, akapaliwa. Alikohoa hadi machozi yakamtoka.

"Chiriku, huu upishi wako utaniua!"

"Upishi wangu? Aliyepika yuko mlangoni, baba. Muulize."

Shangazi aliingia, mikono kiunoni. "Loo! Kaka, leo na mimi sijui kupika?"

Baba aliiweka sahani chini.

"Chakula hakipiti kooni," alisema. "Hata maji yananipalia. Niliona aibu. Niliogopa mtasema nimekwisha, nalishwa kama mtoto mchanga."

"Kwa hiyo ukaona heri mimi niitwe mjinga?" Chiriku aliuliza.

Kesho yake shangazi na Chiriku walimpeleka baba hospitali. Kwenye benchi walimkuta fundi saa wa mtaani kwao, ambaye kwenye kila sherehe hudai ameshiba. Kando yake alikaa mwalimu wa kwaya. Sauti yake ilikuwa imekauka mwaka mzima, naye akiwaambia watu ni mafua. Baba na hao wawili walitazamana, wakaona haya.

"Mnashangaa nini?" daktari alisema, akifungua mlango wa chumba chake. "Watu wazima wenye shida ya sauti au ya kumeza ni wengi kuliko mnavyodhani. Kila mmoja anajificha, akidhani yuko peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alimpima baba, akakuta misuli ya koo imedhoofika. Akamfundisha mazoezi, akamwambia ale chakula laini, kidogo kidogo, ameketi wima na kidevu amekiinamisha.

Baada ya wiki kadhaa koo lilianza kutii. Jumapili moja baba aliwaita mama na shangazi mezani, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, kuugua si kosa. Kosa langu ni kuuficha ugonjwa kwa kukusingizia. Ukiumwa, sema mapema. Ukinyamaza, mzigo wako ataubeba asiye na hatia. Nisamehe."

Mama aliinamisha macho. "Na mimi, mwanangu. Nilikukemea kabla ya kuuliza."

Chiriku bado alikuwa na uchungu. Alimpakulia baba yake wali laini uliolowa mchuzi, akamtazama anavyoinamisha kidevu na kumeza.

"Chumvi imezidi," baba alisema taratibu.

"Kweli, au koo?"

"Kweli tupu."

Chiriku akachota kijiko, akaonja. Ilikuwa imezidi.

"Hilo kosa ni langu," alisema, akaivuta sahani kwenda kuongeza maji kwenye mchuzi.