Maji ya Mtoto Kabura

Mimi naijua ndege kuliko wanawake wote wa Kiganjo. Nimeshika bawa lake kwa mkono huu. Kupanda sijapanda. Hata hilo bawa, rubani alinifukuza.

Siku hiyo tulikuwa uwanja wa ndege wa Nanyuki, mimi na mzee wangu Gatimu. Tulimsindikiza Ngendo, mke wa mwana wetu Simeon. Simeon alikuwa mwalimu Marsabit. Ndege ndogo ya misheni ingempeleka Ngendo huko na mtoto wao Kabura.

Kabura alikuwa ametoka hospitali juzi tu. Kuhara kulimkausha mpaka macho yakaingia ndani. Daktari alimwambia Ngendo, "Akihara tena hivi, unaweza kumpoteza."

Mawingu yalifunika mlima. Ndege haikuja. Jua likawa kali, maji tuliyobeba yakaisha, na mtoto akalia kwa kiu.

Gatimu akaenda kwenye mfereji kando ya ua. Akarudi na kikombe.

"Maji haya yanatoka kwa theluji," akasema. "Angalia, ni meupe kabisa. Mpe mtoto."

"Hapana, Baba," Ngendo akasema.

"Ati hapana? Nimekunywa maji ya mlima tangu nizaliwe!"

"Na tumbo limenguruma tangu uzaliwe," nikamwambia. "Mimi ndiye hulala karibu nalo."

Ngendo akambeba mtoto, akaenda langoni. Hapo mama mmoja wa Meru, Kathure, alikuwa akiuza chai. Tukamfuata.

Kathure akatazama kikombe. "Ni kweli, mzee. Yametoka kwa theluji. Halafu yakapita kwa wale."

Akaonyesha upande wa juu wa mfereji, maji yanakotoka. Ng'ombe wa ranchi walikuwa wamesimama ndani ya maji, mikia juu.

Gatimu akayamwaga yale maji.

"Uchafu unaoleta kuhara hauonekani kwa macho," Kathure akasema. "Moto ndio unaumaliza. Na moto niko nao."

Akaosha sufuria, akaweka maji jikoni. Mvuke ulipotoka tu, Gatimu akanyoosha mkono. "Yamechemka."

"Bado, mzee. Ngoja yaruke."

Maji yakaruka. Kathure akayaacha yaendelee kuruka kidogo. Kisha akafunika, akaepua, akaweka sufuria ndani ya karai la maji baridi.

Hapo ndege ikatua. Rubani akaita, "Twende! Mawingu yanarudi!"

"Maji hayajapoa," Ngendo akasema.

"Nitakuacha, mama!"

"Basi niache. Bila maji haya mtoto wangu hapandi."

Rubani akatazama mlima. Akamtazama Ngendo. Akaagiza chai.

Kabura akanywa mpaka akatosheka. Maji yaliyobaki Ngendo akayatia kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto, akaifunga vizuri, wakapanda.

Baadaye habari zikatufikia kutoka Marsabit. Ngendo anachemsha maji kila siku. Kabura hajahara tena, amenenepa, na anatambaa mpaka kwa majirani.

Nyumbani nami nikasema, hapa pia maji yatachemshwa. Kazi nikampa Gatimu, maana alikuwa amefundishwa mbele ya watu.

Asubuhi moja nikamkuta anakunywa.

"Baba Simeon, umechemsha hayo?"

"Kabisa! Yameruka mpaka nikarudi nyuma."

Nikachungulia kikombe chake. Mtoto wa chura alikuwa akizunguka humo, mzima, anapunga mkia.