Wati Mia Saba za Stika

Muuza nyama huyu wateja walimbatiza Kilo, maana hakutoa hata mfupa bila kuupitisha kwenye mizani. Yeye alishinda dukani mbele, na mkewe alishinda kwenye chumba cha nyuma, akichora maua ya kudarizi kwenye kompyuta.

Kompyuta ilipozeeka, wakaamua kuunda mpya kwa kununua sehemu moja moja. Diski ya zamani ingehamishiwa humo, kwani ilibeba michoro yote ya mke, ya miaka kumi na moja. Kilo akajitwika kazi ya kununua pawa saplai, kile kiboksi cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Sokoni akachagua chenye stika ya wati 700, tarakimu nyekundu, kubwa. Kilikuwa chepesi kama mkebe mtupu. Mkewe alipouliza mbona chepesi hivyo, Kilo akajibu kwamba vitu vya kisasa ndivyo vilivyo.

Siku ya tatu baada ya kuiunganisha, mke alianza kazi nzito. Mara, paa! Moshi ukafuka, skrini ikawa nyeusi. Mke hakupiga kelele. Alibaki ameshika kipanya. Kilo alichomoa waya ukutani. Diski je?

Alimkimbilia jirani yao, mwanamama fundi wa kompyuta. Fundi alikuja, akafungua kasha la kompyuta, akatoa kiboksi kilichoungua, akamwonyesha maandishi madogo ubavuni.

"Soma hapa, kaka. Volti kumi na mbili, ampea ngapi?"

"Kumi na sita."

"Zidisha, upate wati. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha hula umeme kwenye njia hii."

Kilo alizidisha kichwani. Akarudia. "Mia moja tisini na mbili," akasema. "Mia saba ziko wapi?"

"Kwenye stika. Hata mfupa unaupima, hiki hukukipima. Mganga hajigangi, kaka."

Ukweli ulikuwa umeandikwa pale tangu sokoni, naye Kilo hakuinama kuusoma.

Fundi akaeleza taratibu. Kwanza unajumlisha wati za sehemu zote. Zao zilifika kama mia tatu, kwa hiyo ukiongeza akiba, mia nne na hamsini zinatosha. Kurundika zaidi ni kupoteza tu. Kisha unapiga ile hesabu ya ampea, uone kama inakaribia wati zilizotangazwa. Kiboksi kiwe na kinga ya kukata umeme ukizidi au nyaya zikigusana, na kiwe na dhamana. Akawaonya pia wasikifungue kiboksi chenyewe, hata kikiwa kimechomolewa, kwani umeme hubaki ndani.

Kilo alirudi sokoni. Safari hii alisoma maandishi madogo kabla ya kuuliza bei: ampea thelathini na sita. Akazidisha, akapata mia nne thelathini na mbili, karibu sawa na mia nne na hamsini za stika yake. Akanunua.

Fundi alikifunga, akawasha. Skrini ilikawia. Kilo alishindwa kutazama, akasikiliza pumzi za mkewe tu. Ndipo maua yakatokea, mstari kwa mstari, hakuna lililopotea.

Mke alinakili michoro yote kwenye diski ya pili. Akaipa kompyuta kazi nzito mchana kutwa, nayo haikukohoa. Jioni akamgeukia mumewe.

"Haya, sasa nina nguvu za kukugombeza."

Kilo akavuta kigoda, akakaa kusikiliza, na moyo wake ulikuwa mweupe.