Soksi za Wifi na Kodi ya Moshi

Mimi ni mke wa dobi, na mdomo wangu hauna breki. Nakwambia mapema ili baadaye usije ukalalamika.

Duka letu la kufulia ni chumba kimoja kikubwa. Kuna mashine tatu za kufulia na meza mbili za pasi. Nyuma kabisa kuna boila, yaani pipa kubwa la chuma linalochoma dizeli na kuchemsha maji. Mvuke wake unapita kwenye bomba refu, unazunguka ukuta mzima, hadi kwenye mashine na pasi. Tunafua mashuka ya nyumba za wageni.

Kazi tunafanya watatu: mume wangu, mimi, na wifi yangu, dada yake mume wangu. Wifi alifiwa na mumewe. Ana watoto wawili, na pasi ndiyo inayowalisha. Tunataniana kutwa nzima. Yeye ananiita mvivu, mimi namwita mvivu mkuu. Siku asipokuja, chumba kinapwaya.

Sasa, lile bomba. Lilipoletwa lilikuwa limefunikwa kitu cha kijivu, kinene kama godoro jembamba. Sisi tukalivua! Wifi ndiye aliyeanza, kwa mkasi. Bomba tupu lina moto, na moto huo tukaupatia kazi. Wifi alianika juu yake soksi za watoto, mimi nikapasha chai, mume wangu akakausha viatu. Tulitoka jasho kuanzia asubuhi. "Jasho ndiyo kazi," mume wangu alipenda kusema. Tulijiona wajanja kweli.

Basi ikaja kodi ya hewa ya ukaa, ile ambayo watu wengi wanaiita kodi ya moshi. Bei ya dizeli ikapanda. Kila asubuhi mume wangu alichovya ufito kwenye tangi la dizeli, na kila asubuhi aliguna. Juma la tatu akaniita kando.

"Mke wangu, mwisho wa mwezi dada itabidi apumzike."

"Apumzike? Kwani anaumwa?"

"Usijifanye huelewi. Dizeli inatumaliza. Hatuwezi kubaki watatu."

"Dada yako wa tumbo moja? Mwambie mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

Akamwambia. Wifi aliendelea kupiga pasi, na shuka moja akalipiga mara mbili. Niliingia nyuma ya boila nikalia, na sioni aibu kusema.

Kesho yake akaja jirani yetu, fundi wa mabomba. Mtaani tunamwita Mama Koleo, maana koleo halimtoki kiunoni. Alileta blanketi lake lifuliwe. Alipovuka kizingiti tu, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama yangu! Humu mnafua au mnaoka mikate?"

"Joto tumelizoea, jirani," mume wangu akasema. "Tusiyoizoea ni hii kodi. Hiyo hewa ya ukaa ndiyo nini? Mbona siioni?"

"Huioni, wala hainuki. Lakini kila tukichoma dizeli, petroli au makaa, inatoka. Inapanda juu, inakaa huko miaka na miaka. Unaliona blanketi hili? Ukijifunika moja, unalala vizuri. Ukifunikwa matano je?"

"Nitakufa kwa joto!" nikadakia.

"Basi ndivyo inavyofanywa dunia. Hewa hiyo inazuia joto lisitoke. Ikiwa kiasi, inatufaa, bila hiyo tungeganda. Lakini sisi tunazidisha kila siku. Ndiyo maana joto linapanda, na mvua imekosa adabu. Huku inagoma, kule inabomoa nyumba."

"Kwa hiyo dobi kama mimi ndiye aliyeharibu dunia? Na viwanda je?"

"Navyo vinalipa, kaka. Lita yako na lita ya kiwanda zinatozwa sawasawa. Achomaye nyingi, analipa nyingi. Tena sehemu ya kodi hiyo inarudishwa kwa kila kaya, kiasi kile kile kwa wote. Ninyi hamjajaza fomu?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Fomu ile niliikunja nikaisukuma chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Mama Koleo akaendelea. "Kodi hii haikuwekwa ili mfunge duka. Imewekwa ili kila mtu ajiulize, kazi hii naweza kuifanya kwa moto mdogo zaidi? Mmejiuliza?"

"Tumejiuliza," wifi akasema. "Jibu ni mimi nirudi nyumbani."

Mama Koleo akaanza kulifuata bomba, pole pole, ukuta hadi ukuta. Akafika penye soksi. Akanyanyua moja kwa ncha ya koleo.

"Hizi za nani?"

"Za wanangu."

"Na nguo ya bomba iko wapi?"

Wifi akautupia jicho mkasi uliokuwa mezani.

"Jamani! Mnanunua dizeli kupasha ukuta na soksi! Mvuke unapoa njiani, halafu boila inachoma zaidi ili kufidia. Bomba mmelivua blanketi, dunia mkaiongezea."

Wifi akajitupa juu ya furushi la mashuka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Niliyelivua ni mimi. Kwa mkasi huu huu." Akacheka, akalia, sijui kipi kilitangulia.

Mume wangu akavuta shuka kuukuu. "Ngoja nilifunge sasa hivi!"

"Weee, acha! Shuka likikaa hapo siku nyingi litaungua. Kuna pamba maalumu ya mabomba, isiyoungua. Na bomba haliguswi likiwa na moto, mpaka boila izimwe na ipoe kabisa. Hebu niambie, mnaiwasha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Ndivyo alivyofanya marehemu mama."

"Na mashuka yanafika saa ngapi?"

"Saa mbili. Zamani za mama yalifika alfajiri."

"Basi mama alikuwa na akili," Mama Koleo akasema. "Ninyi je?"

Jumapili boila ilikuwa baridi. Mama Koleo akaja na pamba yake. Akaziba viungo viwili vilivyovuja mvuke, kisha akatuonyesha jinsi ya kulivisha bomba, nasi tukalivisha hadi mwisho. Tangu siku hiyo tunawasha boila saa moja na nusu. Fomu nayo niliichomoa, nikainyoosha kwa pasi, nikaijaza. Meza sasa inayumba, lakini hilo ni la fundi mwingine.

Tangi lililokuwa likiisha siku ya sita likafika siku ya nane. Mume wangu alichovya ufito, akaufuta, akauchovya tena. Kisha akaenda kwenye meza ya dada yake.

"Dada, nilikosea. Nilikimbilia kupunguza mtu kabla ya kupunguza moto. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na soksi za wanangu zitakauka wapi?"

Mume wangu akachukua kamba, akaenda kuifunga uani, juani. Soksi zikakauka kabla ya saa sita.

Mwisho wa mwezi ulipofika, nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa, kwa kuwa bomba halipashi tena kitu. Wifi alikuwa kwenye meza yake ya pasi. Akanitazama mimi na kikombe changu.

"Mvivu wewe," akasema, "mashuka yanakungoja."