Uyoga wa Falonne na Mtandao wa Nyumba Tatu

Mvua ikinyesha Lualaba, uyoga unaota. Sisi tunauita bowa. Unaota porini, upande wa Mutshatsha, na haumsubiri mtu. Ukichumwa leo, kesho jioni umeoza.

Falonne anauza uyoga sokoni Manika, hapa Kolwezi. Mama mkwe wake, Mama Mbombo, anauchuma kule Mutshatsha na kuupakia kwenye treni. Treni yetu mnaijua: inakuja inapotaka. Kwa hiyo Falonne alifungua ukurasa kwenye mtandao mkubwa wa kijamii, ule ambao kila mtu yumo. Treni ikiondoka Mutshatsha, Mama Mbombo anapiga simu. Falonne anaweka picha. Wanunuzi wanafika kabla hajatua beseni. Mambo yalikuwa mazuri, siwafichi.

Mimi nauza lengalenga, yaani mchicha, meza yangu iko pembeni ya meza yake. Asubuhi moja nikasikia Falonne anapiga kelele.

"Mama! Kuya uone! Banafunga page yangu!"

Tukasoma pamoja. Wenye mtandao walisema kwamba Falonne anauza dawa za kulevya.

"Dawa? Mi nauza dawa?"

"Uliweka nini jana?" nikamuuliza.

"Bowa! Picha ya bowa tu!"

Jamani, nilicheka mpaka nikaomba maji. Lakini Falonne alikuwa analia, nikaona aibu. Aliwaandikia wenye mtandao. Hakuna aliyejibu. Ni mashine iliyomhukumu, iliudhani ule uyoga unaolevya, na mashine haijawahi kula bukari, ugali wetu, na uyoga.

Siku ile treni ilifika na wanunuzi hawakujua. Uyoga wote ulioza. Jioni Mama Mbombo akapiga simu.

"Falonne, mutoto yangu, mugongo inaniuma. Siwezi kuchuma bitu bya kutupa. Kama ni hivi, mi naacha."

Msimu wa uyoga ni mfupi. Mama Mbombo akiacha, Falonne hana cha kuuza.

Nyuma ya soko yuko Tatiana, fundi wa simu. Yeye na mafundi wenzake walikuwa na mtandao wao wa kijamii. Kila siku alikuwa anatuhubiria: "Kuyeni ku mtandao yetu! Ni décentralisé!" Sisi tunamjibu, "Eee, aksanti mama," halafu tunapita zetu. Nani anajua neno lile? Tena mle ndani walikuwa mafundi tu, wanaongea habari za mashine na mafundi wengine.

Siku ile Falonne alimwendea mwenyewe.

"Mama Tatiana, ule mtandao yako, patron, mukubwa yake, ni nani?"

"Hakuna patron moja. Kuko nyumba mingi. Kila nyumba iko na mutu wa kuichunga, na sheria yake. Ya Manika ni mi nachunga. Mashine yake njo hii." Akaonyesha kisanduku kidogo chini ya meza.

"Na mutu akiweka picha ya bowa, utamufukuza?"

"Mi? Mi nakulaka bowa!"

Falonne alipiga makofi. Palepale akaanza kupiga simu. Akawaita akina mama wa Mutshatsha. Akawaita wapishi wanaopikia wachimbaji kule Mutoshi. "Bote tuingie nyumba ya Manika!" alisema. "Tukikaa nyumba mbalimbali, hatutasikilizana."

Hapo ndipo alipokosea, na mimi nilikosea pamoja naye. Kwetu Kolwezi watu wametoka kila upande wa Kongo, na kila kundi lina chama chake na mkubwa wake. Usipokuwa wa chama, mambo yake huyasikii. Tulidhani hata mtandao ni hivyo.

Wakaingia wote. Lo! Ilikuwa fujo. Sheria za nyumba ziliandikwa kwa Kifaransa. Mama wa Mutshatsha anatafuta habari za treni, anakuta habari za betri. Wapishi wa Mutoshi wanaulizana bei ya mafuta, mafundi wanawaambia wanapiga kelele. Polepole watu wakaanza kutoka.

"Banaenda bote," Falonne alimwambia Tatiana kwa hasira. "Na Mama Mbombo ananiambia leo njo mwisho."

Tatiana akaweka chini bisibisi yake.

"Falonne, mama mkwe yako anatumia SIM ya kampuni moja na ya kwako?"

"Hapana. Yake ni ya kampuni ingine."

"Na unamupigiaka simu?"

"Kila siku."

"Basi! Kampuni mbili, na munasikilizana. Nyumba za mtandao ni vile vile. Mama Mbombo akae ku nyumba ya Mutshatsha, na weye ukae ya Manika. Umufuate tu, kama vile unaweka namba yake mu simu. Akiandika kule, unasoma huku."

Falonne aliweka mikono kiunoni.

"Sasa juu ya nini haukusema hivi toka mwanzo?"

"Nilisema! Nilisema décentralisé!"

"Ile haiko kusema, mama. Ile ni matusi."

Tulicheka wote watatu, Tatiana zaidi. Kisha Falonne akasimama. Macho yake yaling'aa.

"Tusibaambie habari ya mashine. Tubaambie bowa iko wapi leo. Habari ya mashine batauliza beye wenyewe bakimaliza kula."

Kazi ikaanza! Mwalimu Gaston, anayekaa karibu na stesheni ya Mutshatsha, alikubali kuchunga nyumba ya huko. Myriam, mpishi wa Mutoshi, alikubali kuchunga ya kwao. Tatiana aliwawekea mashine na kuwafundisha. Kila nyumba iliandika sheria zake kwa Kiswahili. Sheria moja ilikuwa sawa kote: usiweke picha ya uyoga kama mama anayeujua hajaukagua, maana kuna uyoga unaoua. Ule mtandao mkubwa ulikuwa na sheria kama hiyo? Thubutu!

Kila mama alimleta mnunuzi anayemjua. Alikaa naye mpaka asome ujumbe wa kwanza. Kwa hiyo mgeni hakukuta nyumba tupu, alikuta watu wake. Wenye pikipiki za taxi-moto wakaingia, maana wanataka abiria wa stesheni. Washonaji wakaingia. Kwaya zikaingia, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wanabishana kila usiku. Mama Mbombo akasema, "Sawa, najaribu mara moja ingine."

Mvua kubwa ikanyesha. Uyoga uliota kwa wingi kuliko mwaka jana. Mama Mbombo alipakia makapu yote, akampigia Falonne simu, akapanda treni pamoja nayo. Na siku hiyohiyo umeme ukakatika Manika. Kisanduku cha Tatiana kikazima.

"Banatufungia tena!" Falonne alilia. "Hakuna mutu anajua treni inakuya!"

Simu ya Mama Mbombo haikupatikana njiani. Tulipanda taxi-moto, mimi na Falonne, mbio mpaka stesheni. Njia nzima alikuwa anasema, "Itaoza, mama. Itaoza, na ataacha."

Tukafika. Stesheni ilijaa wanawake wenye mabeseni. Hatukumjua hata mmoja kwa sura. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti kubwa, akamshika Falonne mkono.

"Weye njo Falonne ya bowa? Mi ni Myriam, ya Mutoshi!"

"Mulijua namna gani? Nyumba inazima!"

"Ni ya kwenu inazima. Ya kwetu inawaka. Mwalimu Gaston aliandika ku ya Mutshatsha, shiye tukasoma ku ya Mutoshi. Hata Manika ikilala, shiye hatulale!"

Falonne alipiga kelele ya furaha, na mimi nikapiga yangu. Treni ikapiga honi. Mama Mbombo alishuka na kapu la kwanza, na kabla halijagusa chini lilikuwa na mwenyewe. La pili vilevile. Falonne alipima, akapokea, akacheka, akapima tena, mpaka makapu yote yakaisha.

Mama Mbombo alisimama katikati ya kelele zile, anaangalia makapu matupu. Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Hii treni inarudi Mutshatsha saa ngapi?" akauliza. "Nimeacha bowa mingi mu pori."